Ufunguo Mmoja kwa Mashine ya Ekografia

Nilifika Lubumbashi juu ya magunia ya samaki wakavu, siku tatu kutoka Kasenga, kwa sababu lori lilizama kwenye tope mara mbili. Nilikuwa muuguzi mwenye elimu ya sekondari tu. Lakini katika mgodi mmoja nilikofanya kazi, daktari alinifundisha ekografia: kuweka sonda, kile kichwa cha mashine kinachoshikwa mkononi, juu ya tumbo na kusoma kwenye kioo yaliyomo ndani. Hospitali moja iliniita niwafundishe wauguzi wa dharura.

Siku ya kwanza niliikuta mashine kabatini, imefungwa. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa Daktari Mkuu.

"Papa," aliniambia, "ba infirmier bajifunze, sawa. Lakini kupima mugonjwa bila miye, hapana. Kesho batataka kupasua!"

Tukajifunza saa alizopenda yeye. Jeli ya kupaka tumboni ilipokwisha tulipika unga wa muhogo, ukawa uji laini, tukapimana sisi kwa sisi. Damu ikivuja tumboni hukimbilia nafasi kati ya ini na figo, na huonekana kama utepe mweusi. Mama Béa, muuguzi wa miaka mingi, aliipata nafasi hiyo upesi kuliko mimi.

Asubuhi moja aliletwa mpakizi aliyebanwa na lori huko mtaa wa Bel-Air. Presha ilikuwa inashuka. Daktari wa upasuaji alikuwepo, ila hakutaka kufungua tumbo kwa kubahatisha. Daktari Mkuu alikuwa Kasumbalesa, mpakani, na ufunguo mfukoni.

"Muntu anakufa, na clé iko mu safari!" Mama Béa alifoka.

Nikavunja kabati kwa chuma cha kitanda. Mama Béa akashika sonda.

"Docteur, damu iko mingi. Muangalie."

Daktari wa upasuaji akaangalia, akapasua. Mpakizi akapona.

Daktari Mkuu aliporudi alikwenda kwanza kwenye kabati. Hakuuliza habari za mgonjwa.

"Ni nani alipima?"

"Ni miye, docteur," alisema Mama Béa. "Na nitapima tena."

Akamhamishia chumba cha kufulia. Mikono ile, kukunja mashuka! Hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Nilimfuata Daktari Mkuu ofisini. "Mumurudishe kwa kazi yake. Kabati nilivunja miye, miye niende."

"Weye utaenda," alijibu, "na yeye atakunja."

Nilitoka siku hiyohiyo, sikurudi tena. Nilipopita wodini wakati wa kutoka, nilimwona mpakizi ameketi, anamgombeza mkewe kwa nini bukari, ugali wake, ni baridi.