Tundu Kwenye Utumbo

Watu wa Barbados hawaijui Jumamosi isiyo na soseji ya viazi vitamu, na pale njia panda ya Saint Philip soseji hiyo ilikuwa ya Ianthe Cumberbatch. Siku hizi wengine wanapika viazi hivyo kwenye sinia na kuvikata vipande kama keki. Ianthe aliwasonya tu. Kwake, soseji isiyo na utumbo ilikuwa uji uliokosa adabu.

Kila Ijumaa aliketi uani na beseni la utumbo wa nguruwe. Aliugeuza ndani nje kwa kijiti cha mkwaju, akaukwangua, akausugua kwa chumvi na ndimu mpaka harufu ikasalimu amri. Kisha aliupitisha taratibu kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akitafuta matundu. Mke wa mwanawe, Shonelle, ndiye aliyekuna viazi na kuvitia vitunguu na pilipili, nusu akavipa weusi kwa sukari iliyounguzwa. Lakini beseni hakuligusa. Alipita mbali nalo, kaziba pua.

"Utumbo haukuli, mwanangu," Ianthe alimtania.

"Acha tu, Mama. Mimi ndiye nitakayeula, ukishaiva."

Walipendana hivyohivyo. Ila kulikuwa na jambo ambalo Ianthe hakumwambia mtu: vidole vyake vilianza kufa ganzi. Aliogopa kwamba vikifa kabisa naye ataishia kupika kwenye sinia kama wale wengine, na hilo lilimuuma kuliko vidole vyenyewe.

Jumamosi moja, foleni imefika barabarani, kitu kikalia "pwaa" ndani ya sufuria. Ianthe akafunua. Soseji ndefu kuliko zote ilikuwa imepasuka, viazi vinaelea majini. Alijua papo hapo: kulikuwa na tundu, na vidole vyake vilikuwa vimelipita.

"Bi Ianthe!" akapaza sauti Yearwood, dereva wa trekta la miwa, mteja wake wa tangu ujana. "Leo unatuuzia supu? Au mkono umezeeka, bibi?"

Watu wakacheka.

"Mkono upi?" Shonelle akadakia. "Utumbo wa leo nimeosha mimi. Mama anapumzika. Una lingine?"

"Wewe? Wewe mziba pua?"

"Mimi huyuhuyu. Endelea uone kama hujala matango matupu, bila soseji."

Yearwood akanywea, akapokea sahani yake ya soseji nzima na nyama ya nguruwe iliyolowekwa ndimu na matango, akala, akaomba nyongeza. Ianthe aliinamia sufuria muda mrefu ili mvuke umfichie machozi.

Habari ikazagaa kabla jua halijazama: Shonelle amerithi beseni. Kesho yake kanisani wanawake walimpongeza, na mmoja akaomba bintiye aje kufundishwa. Shonelle akatabasamu kama aliyemeza ndimu.

Ijumaa ilipofika, Ianthe aliweka viti viwili uani, beseni katikati. Shonelle akaganda mlangoni.

"Mama, ile ilikuwa kukusitiri tu."

"Najua, na Mungu akuzidishie. Lakini sitaki mkwe wangu aitwe mwongo." Akamnyooshea kijiti cha mkwaju. "Vidole vyangu havisikii tena, mwanangu. Niazime vyako."

Shonelle akaketi, mkono mmoja puani, mwingine ukiinua ncha ya utumbo. Ukamponyoka. Akaujaribu tena, ukamponyoka tena. Kazi ile inataka mikono miwili.

Akaiachia pua.