Risasi Iliyosikia Jina

Utotoni mwangu, kwetu mlimani juu ya mji wa Morogoro, enzi za Mjerumani, ilikuwa mwiko kutaja jina la mtu mahali risasi inapoyeyushwa. Wazee walisema risasi ikishakuwa maji ina masikio. Ikisikia jina italishika, na siku itakapotiwa kwenye bunduki itamtafuta mwenye jina mpaka impate. Kwa hiyo siku ya kuyeyusha tuliitana kwa kukohoa, au kwa "wewe mwenye makamasi" na "wewe tumbo kubwa". Sisi watoto tulizipenda sana siku hizo, maana ndizo pekee tulizoruhusiwa kutukanana mbele ya wakubwa.

Mwenye kazi alikuwa mjomba, kaka yake mama. Alikuwa na gobore lililogongwa muhuri wa boma la Mjerumani, la kufukuzia nguruwe waliokuwa wakitumalizia mahindi, na risasi zake alizitengeneza mwenyewe uani. Vyuma vyake tulimletea sisi. Mama alipokuwa akishuka mjini kuuza ndizi nilifuatana naye, na wakati wa kurudi tulipita nyuma ya uwanja ambapo askari walijifunzia shabaha. Palikuwa na tuta la udongo, na ukifukua kwa kijiti ulipata vipande vya risasi vilivyobonyea, vimegandwa na tope. Mhindi mmoja mwenye duka naye alibadilishana na mama: yeye alichukua ndizi, mama akachukua magamba laini ya madini ya risasi yaliyokuwa yakitandikwa ndani ya masanduku ya chai.

Mjomba hakuwa mtu wa kulipua kazi. Vipande vile aliviosha, kisha akavianika juani mpaka vikauke kabisa, kwa kuwa maji yakinaswa chini ya risasi ya moto, risasi hurukia uso wa mtu. Shavuni alikuwa na kovu la somo hilo. Kisha aliviweka kwenye chungu kikuukuu juu ya makaa, akavuta mvukuto. Risasi ilipolegea na kuwa maji, udongo na masizi vilielea juu, naye akaviengua kwa upawa wa chuma. Hapo alitupia kipande cha nta ya nyuki. Nta ilifuka moshi, ikashika moto, na mjomba akakoroga polepole kutoka chini mpaka taka iliyojificha ikapanda juu kama unga mweusi. Aliengua, akatupia nta tena, akakoroga tena, hadi uso wa risasi ukatakata na ukaweza kujiona ndani yake. Hapo ndipo risasi ilipokuwa tayari kumiminwa kwenye kalibu, igande humo iwe vidonge.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa mchana wa jua kali. Kaka yangu Kibwana, kifungua mimba wa mama, alikuwa amerudi nyumbani baada ya kupotea kwa muda. Kabla ya hapo alikamatwa abebe mizigo ya boma, akautua mzigo njiani kwa kuchoka, wakampiga viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na vitano. Tangu siku hiyo hakulala chali, wala hakututania tena, na nyumba yetu ikapooza kwa kuwa sauti yake ndiyo iliyokuwa ikileta kicheko. Sasa alikuwa amerudi mchangamfu. Kichwani amejifunga jani la mtama, na kiunoni ananing'iniza kibuyu kidogo. Wote tulijua ni nini. Habari za dawa ya maji zilikwisha kuvuka milima kutoka kusini: ukinyunyiziwa, risasi za askari zinageuka maji.

"Shikamoo, mjomba," alisema, akachutama kando ya chungu.

"Marahaba, mpwa wangu. Vua hicho kitu kichwani kabla watu hawajakuona."

Hakuvua. Macho yake yalikuwa kwenye chungu. "Hii si ile ya askari, inayookotwa kule chini?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Na sasa ni maji."

"Ni maji kwa moto wangu. Ngoja ipoe, uone kama utainywa."

Kibwana alitabasamu. Akafungua kibuyu, akalowesha kidole, na kabla mtu hajanyanyuka akakipitisha ndani ya risasi, upesi, kama mtu anayeonja mchuzi jikoni kwa watu.

"Kibwana!"

Alikuwa mama, mlangoni. Mjomba aliacha mvukuto. Kibwana alituinulia kidole chake, na hakikuwa hata na lengelenge, lakini hakuna mkubwa aliyekitazama. Wote walikuwa wakimtazama mama, aliyekuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Mjomba ndiye aliyezinduka kwanza. "Hiyo si dawa," alisema. "Hata mimi nafanya." Akachovya kidole chake kwenye mtungi wa maji ya kuoshea, akakipitisha ndani ya risasi, akakitoa kizima. "Umeona? Maji ya mtoni tu haya. Kidole kikiwa kimelowa, na wewe ukiwa mwepesi, haikushiki. Baba yangu alinionyesha nikiwa mdogo kuliko wewe."

Mimi nilidhani yamekwisha. Nilingoja Kibwana aone haya, atoe lile jani kichwani, tule. Badala yake uso wake ulizidi kung'aa.

"Mjomba," alisema taratibu, "kumbe hata mto wetu umekwisha kupata dawa."

Mjomba alikifuta kidole chake kwenye nguo. Nimekuwa mtu mzima, nimezeeka, na mpaka leo nikilitafuta jibu ambalo angempa silioni. Mara nyingine nafikiri ingekuwa heri angeungua yeye mjomba, nyama ikaonekana, tukalia siku moja yakaisha. Lakini alikuwa fundi, na ufundi wake ndio uliomponza.

Mama akasema, "Imwage." Ndiyo desturi: risasi iliyosikia jina haitiwi kwenye kalibu. Walichimba shimo nyuma ya jiko, wakaimimina na kuifukia kwa majivu, na mama akapiga magoti akainong'oneza, "Hukusikia kitu. Hukusikia." Kibwana aliwasaidia kuchimba, kwa upole, kama kijana mwenye adabu anavyowasaidia wazee wenye woga wao. Nguruwe mwaka ule walikula shamba lote.

Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto, kuliko hata baba. Mjomba alisema neno lake. Alikataza, akabembeleza, akatishia kumtoa katika ukoo. Kwenda kumshtaki bomani ili wamzuie hakuweza, kwa sababu boma lisingemzuia kijana mwenye kibuyu, lingemnyonga. Asubuhi Kibwana alipoondoka, mama aliishika shuka yake kwa nguvu zote. Kibwana aliving'oa vidole vyake taratibu asimwumize.

"Nitarudi, mama. Kidole si umekiona mwenyewe?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilikuwa mdogo, lakini si udogo ulionizuia nisimshike, maana wakubwa nao walikuwa wamesimama tu kama mimi.

Aliyerudi ni kijana mmoja wa jirani aliyeondoka naye, kwa njia za porini, amekonda hata mbwa wetu hawakumtambua. Alisema walitembea wima kuwaelekea askari, hakuna aliyeinama, na Kibwana alikuwa mbele. Mama alimwuliza jambo moja tu.

"Kuna mtu alimwita jina?"

Kijana hakulielewa swali. "Tulikuwa tukipiga kelele wote, mama," alisema.

Mjomba hakuyeyusha risasi tena. Aliamini kidole chake ndicho kilichomtuma mpwa wake kufa. Mama aliamini ni ukelele wake. Walikaa hivyo miaka, huku na huku ya moto mmoja, kila mmoja na kosa lake, wala hawakulaumiana. Mimi nilipokua nilijiona mwerevu. Nilimwambia mama mara nyingi kwamba ile risasi bado imelala nyuma ya jiko, haikwenda popote; iliyompiga Kibwana ilitoka ng'ambo, kwa watu wasiomjua kwa jina wala kwa sura. Nilidhani namfariji. Yeye alikasirika, na siku moja alinifukuza jikoni.

Kisha nami nikazaa, na homa ikanichukulia mtoto mikononi, nimemkumbatia, namwita jina lake. Mama alikuwa mzee sana aliponiambia kwa mara ya mwisho, "Mimi ndiye niliyemwita." Nilikuwa namkanda miguu.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Ulimwita."

Alishusha pumzi, akageukia ukuta akalala. Na mimi nikaendelea kukanda. Kwamba sauti yake ilimwua mwanawe, hilo alikwisha kulizoea. Kwamba alimwita kwa nguvu zake zote na haikusaidia kitu, hilo ningemwambiaje?