Siku Dada Alipokisoma Kitabu

Mtaani kwao walimwita Mama Herufi, na jina hilo alilipata kwa jasho. Karibu kila duka la barabara ile lilikuwa na bango la mkono wake: la kinyozi, la fundi viatu, la muuza dawa, hata lile onyo la nyuma ya soko linalowakataza wanaume kukojoa ukutani. Alichora kwa rangi ya mafuta, mkono wa kulia ukiegemea kijiti kilichofungwa kitambaa mwishoni ili usitetemeke, na kabla ya kugusa brashi alipiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki. Herufi zake zilisimama wima kama watoto wa shule wanaomwogopa mwalimu.

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango. Mtu anapeleka picha yake asubuhi, mchana anaondoka na bango limeviringwa kwapani. Kazi hazikumwishia kabisa, maana mashine haiwezi kupanda ngazi ikachora tembo mwenye miwani kwenye ukuta wa chekechea. Lakini zilipungua. Mama Herufi alikuwa ameshavuka miaka sitini, mumewe hayupo tena duniani, na mchana ulimrefukia. Ndipo alipoanza kuandika hadithi.

Mwanzo ulimtoa jasho. Mtu aliyezoea maneno matatu ya kusomwa na mpita njia huiona sentensi ndefu kama kumwaga rangi bure. Sura yake ya kwanza haikujaza hata ukurasa. Binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimchapia, aliisoma, akageuza karatasi kutafuta upande wa pili, akauliza, "Mama, hii ni sura au ni bango?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini Mama Herufi hakuacha. Asubuhi alichora, mchana aliandika, na polepole sentensi zake zikajifunza kupumua.

Alichoandika kilikuwa hadithi ya mwanamke mmoja mwoka mikate, anayemsindikiza mume wake kanisani kila Jumapili, akifika getini anageuka na kurudi zake nyumbani. Hakuna anayemuuliza kwa nini.

Mwoka mikate huyo alikuwa dada yake.

Dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Ndiye aliyemsuka nywele, aliyemchapa, aliyegombana na baba mpaka mdogo wake akaruhusiwa kujifunza kazi ya ngazi na rangi. Baadaye dada akaolewa, akazaa, na kitinda mimba wake akaugua. Kanisa zima lilifunga na kuomba. Mtoto akafa. Wiki chache baada ya mazishi, bwana mmoja akasimama katikati ya ibada na kusema kwamba maombi yale yalizuiwa na imani haba ya watu fulani, na wote wakajua anamsema nani. Dada aliinuka, akatoka. Tangu siku hiyo alimsindikiza mdogo wake kila Jumapili mpaka getini, wakipiga soga njia nzima, kisha akageuka. Miaka ikapita hivyo. Mama Herufi hakuwahi kuthubutu kumgusia jambo hilo. Alichoshindwa kukiuliza kwa mdomo, ndicho alichokiandika.

Sura za kitabu alikisomea kikundi cha akina mama wa kanisa, na walizipenda. Katika sura ya mwisho, mwoka mikate anaingia kanisani mbio, anajitupa sakafuni mbele ya watu wote, kwaya inalipuka kwa wimbo. Akina mama walilia, wakapiga vigelegele. Mhariri wa kampuni ndogo ya vitabu vya Kikristo naye aliusifu mwisho huo, akasema yuko tayari kukichapa. Ni Mama Herufi peke yake ambaye kila alipousoma alihisi kama amechora herufi iliyolala upande, asijue ni ipi.

Siku moja alikuwa juu ya ngazi, akimalizia neno ZAHANATI, mwenyekiti wa akina mama alipopita chini yake akitabasamu.

"Kile kitabu chako ulichoniazima nimempa dada yako," alisema. "Nimemwambia akisome, kitamsaidia."

"Umempa nani?"

"Dada yako. Si ndiye yule mwanamke, jamani? Sote tumemjua."

Brashi ilimponyoka. Rangi ilichuruzika kutoka kwenye ile N mpaka karibu na sakafu, na Mama Herufi aliiangalia ikishuka bila kunyanyua mkono. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na haraka ya kuwafanyia watu mema.

Siku zilizofuata Mama Herufi aliishi roho juu juu. Simu ikilia anashtuka, isipolia anashtuka zaidi. Jumapili dada hakuja kumsindikiza. Alitembea peke yake, akakaa ibada nzima bila kusikia neno, akijiambia kwamba ameuza siri ya mtu aliyemlea.

Hatimaye simu ikaja. "Njoo," dada alisema, akakata.

Alimkuta amekaa mezani sebuleni. Zile karatasi zilikuwa mbele yake, miwani juu yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa." Dada aligonga karatasi kwa kidole. "Huyu mwanamke ni mimi."

Njia nzima Mama Herufi alikuwa ameuandaa uongo mzuri kuhusu wahusika wa kubuni. "Ndiyo, dada. Ni wewe."

"Sasa mbona umeninenepesha?"

"Nilitaka watu wasikujue."

"Wamenijua hivyo hivyo! Si bora ungeniachia kiuno changu?"

Mama Herufi hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Dada naye hakucheka. Alivaa miwani, akafunua katikati, akatafuta mahali.

"Hapa. Anapojifungia chumbani akalinusa shati la mtoto. Ulijuaje?"

"Sikujua. Nilibuni."

"Ulibuni." Dada alivua miwani. "Nililala nalo lile shati mpaka likaisha harufu. Hata shemeji yako hakuwa anajua." Aliiweka miwani mezani. "Mimi nilidhani unakubaliana na yule bwana."

"Bwana gani?"

"Yule aliyesimama kanisani akanisema. Wewe ulibaki umekaa. Na baada ya pale hukusema kitu, mwaka baada ya mwaka. Nikajiambia, haya, na mdogo wangu naye anaona nilimuua mwanangu kwa kutokuamini."

"Dada! Mimi yule mtu nilimchukia mpaka nikawa nashindwa kusali akiwa kwenye benchi langu. Nilinyamaza kwa kuogopa kukutonesha."

"Ungenitonesha, mtoto wewe. Ungenitonesha tu."

Walilia wote wawili, mmoja huku na mwingine kule kwenye meza, kisha Mama Herufi akazunguka na kumkumbatia, kiti kikaanguka, hakuna aliyekiokota. Alihisi mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua ndoo aliyoibeba kwa muda mrefu hata akasahau kwamba anaibeba.

Dada alipokwisha kupenga kamasi alirudi kwenye karatasi. "Ila mwisho wako mbaya."

"Akina mama waliupenda."

"Basi waingie wao. Unamkimbiza mtu ndani, anagaagaa sakafuni, watu wanamkodolea macho, na kwaya juu yake! Kama Mungu anampenda hivyo unavyosema humu, anashindwa nini kutoka akamfuata pale getini?"

Hapo ndipo Mama Herufi alipoiona ile herufi iliyolala upande.

Aliuandika mwisho upya ndani ya siku chache. Safari hii mwoka mikate anabaki nje. Anaushika ukuta wa kanisa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi anamwambia Mungu neno moja tu, la lawama, na analisema kwa sauti. Halafu anaendelea kusimama pale, na anajua kwamba hayuko peke yake. Basi, hadithi inaishia hapo.

Aliutuma akijua huenda kitabu kimekufa. Mhariri alipompigia, alikuwa akiosha brashi, mikono imelowa tina ya kuondolea rangi, akaishikilia simu kwa bega.

"Mama, je, baadaye anaingia?" mhariri aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Akiingia nitakujulisha."

Mhariri alicheka. "Ule mwisho wa kwanza niliurukaruka, nilijua kinachokuja. Huu nimeusoma mara mbili. Tunakichapa hivyo hivyo."

Mama Herufi alishusha pumzi ndefu, akaikausha mikono yake kwenye gauni lake zuri bila kujali.

Mwenyekiti wa akina mama alinung'unika kidogo kwamba mwoka mikate hakuokoka vizuri, lakini alinunua nakala na kuwapelekea wakwe zake. Dada hajaingia kanisani mpaka leo, na mdogo wake hajamwomba aingie. Kilichobadilika ni mazungumzo yao ya njiani. Sasa wanamtaja yule mtoto kwa jina lake: jinsi alivyokuwa akiwaiga majirani, jinsi alivyomfundisha kuku kupanda kochi. Jumapili moja walicheka sana kwa habari ya yule kuku hata ibada ikaanza Mama Herufi akiwa bado nje ya geti, na dada akamsukuma begani.

"Ingia, umechelewa. Na kitabu kijacho mtafute mtu mwingine wa kumnenepesha."