Chupa Tisa na Matusi

Mchezo wenyewe niliujua kupitia mlango wa nyuma. Katika klabu moja ya wazungu, kule mjini Élisabethville, kulikuwa na banda refu lenye sakafu ya mbao, na mwisho wa sakafu ilisimamishwa miti tisa iliyochongwa kama chupa. Mzungu anakuja na glasi yake, anaiweka pembeni, anabingirisha tufe la mti, miti inaanguka, wenzake wanapiga kelele kama watoto. Wao waliuita quilles. Mimi nilikuwa fundi seremala, na niliitwa kila mti mmoja ulipopasuka. Naingia nyuma, natengeneza, natoka nyuma. Nilijua uzito wa kila mmoja mikononi mwangu, lakini kuangusha hata mmoja sikuruhusiwa. Wivu ulinijaa mpaka nikifika nyumbani naiacha bukari, ugali wetu, nzima kwenye sahani.

Basi nikajitengenezea yangu. Karakana niliyofanyia kazi ilinipa mabaki ya mti wa mulombwa, nikachonga tisa, nikayapiga msasa mpaka yakang'aa, na watu wa mtaa wetu wa Katuba wakayapa jina moja kwa moja: chupa. Padri alitupa kiwanja nyuma ya ukumbi wa parokia. Nikachimba udongo wa kichuguu, nikauloweka, nikautwanga, nikausugua kwa jiwe mpaka njia ya tufe ikawa laini kama shavu la mtoto. Kila mvua ikipiga, udongo unapasuka, nami napiga magoti kuusiliba upya. Hakuna aliyenisaidia, na kusema kweli sikutaka msaada wa mtu.

Nikaunda ligi. Maseremala timu yao, waashi timu yao, watu wa reli, makarani wa maduka. Kila Jumapili baada ya misa, kila timu inakutana na nyingine, pointi zinahesabiwa, na mwisho wa msimu bingwa anapata jogoo. Walinipa cheo cha président. Nilijifanya sikijali, lakini asubuhi nikivaa koti nilikuwa nakitamka peke yangu, polepole.

Ligi ilianza kuumwa mapema. Watu wa reli, wenye mikono ya kupakia makaa, waliwapiga wote. Timu ikishajua kwamba jogoo si wake, inaanza kupata ndugu wagonjwa. Jumapili hii waashi wana mgeni, Jumapili ijayo makarani wana kikohozi. Nikawasogezea wanyonge mstari wa kutupia karibu na chupa. Wakaona haya, wakasema wao si vilema. Nikaongeza zawadi. Wakaja, wakaitazama zawadi, wakaondoka. Nilikaa pale na ubao wangu wa chaki nikiitazama njia yangu nzuri haina mtu.

Hapo ndipo akaja yeye. Alikuwa karani wa duka la vitambaa, nywele zimelala kwa mafuta, tai shingoni hata siku ya joto. Alizaliwa upande wa Kinsevere, katika familia za kale za hapa, wa ukoo wa Mbuzi. Na hapa lazima nieleze, maana kila kitu kinatoka hapo. Watu wa hapa wana koo zao, na kila ukoo una watani wake. Mbuzi na Chui ni watani, kwa sababu chui humla mbuzi. Uyoga na Mvua vilevile, kwa sababu uyoga hauchomozi bila mvua. Mtani wako, wao humwita munungwe, anaweza kukutukana mbele ya mama mkwe wako, akakuvua kofia na kwenda nayo, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Siku ukifa, ni yeye anayekuja kufanya mzaha penye kilio, ili jamaa zako wasizame katika machozi. Sisi tuliotoka kaskazini kufuata kazi hatukuwa na mtani hapa. Mke wangu alikuwa wa Uyoga. Mimi sikuwa wa kitu.

Karani akasimama kwenye njia yangu na viatu vyake, akaniambia, "Président, ligi yako iko muzuri, mais inakosa chumvi. Acha bantu bacheze na banungwe yabo. Mbuzi na Chui. Uyoga na Mvua. Utaona."

Nilitaka kumwambia avue viatu. Lakini kiwanja kilikuwa kitupu, kwa hiyo nikasema tujaribu Jumapili moja tu.

Jumapili moja! Chui waliwashinda Mbuzi, na Mbuzi wote, watu wazima wenye wake na watoto, wakalazimishwa kutembea kwa mikono na magoti, kula majani ya uani na kulia mee. Jumapili iliyofuata Mbuzi wakashinda, wakawafunga Chui kamba na kuwapitisha mbele ya akina mama wanaouza kinywaji cha munkoyo. Mtu wa Mvua hawezi kutupa bila mtu wa Uyoga kumwambia miguu yake imepinda kama ndoano. Watu wa reli nao walijikuta wamegawanyika, huyu Mbuzi, huyu Mvua, kwa hiyo hapakuwa tena na timu inayowameza wengine. Yaani hata lile fundo lililonishinda mimi yeye alilifungua bila kulitazama. Uwanja ukajaa mpaka watu wakapanda ukutani.

Na mimi? Nilisimama na chaki. Nikapaza sauti, "Mbuzi sita, Chui nane!" Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wakimtazama karani, ambaye alikuwa akimfundisha Chui mmoja mnene, kibogoyo, namna ya kutafuna mbuzi bila meno. Siku moja nilitangaza makosa kwa makusudi, nikampa Chui pointi zisizowezekana katika mchezo huu, nione. Walishangilia tu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kutupa hakujua. Tufe lake lilikata kushoto kila mara, likatoka kwenye njia, likaenda kugonga sufuria za akina mama. Kila mara! Nikamwonyesha namna ya kushika, namna ya kukunja goti, akaitikia kwa heshima, akatupa, na sufuria ikalia. Wakacheka, wakamwinua juu kama aliyeshinda. Siku ile ile mimi nilitupa tufe likapita katikati kabisa, chupa zote tisa zikalala. Wakapiga makofi kama wanavyompigia mgeni wa serikali. Nikageuka upesi kumtazama karani usoni, nione kama wivu umemgusa walau kidogo. Haukumgusa. Alipiga makofi kuliko wote, meno yote nje, na mimi nilimchukia.

Mke wangu naye hakukosa Jumapili. Alikuwa na kicheko kinachoanzia tumboni, anashika kiuno, anainama, anashindwa kusimama. Nilikuwa sijawahi kukisikia kwa neno lolote langu. Nyumbani nilijaribu kurudia mzaha wa karani, ule wa chui asiye na meno. Akanitazama akasema, "Unaumwa?"

Nitasema wazi nilichokitaka: nilitaka kutukanwa. Kila mtu katika ligi ile alikuwa na mtu wa kumwita mwizi, mlafi, mwenye kichwa cha nyundo. Mimi niliyeijenga niliitwa président. Jumapili moja nikatupa vibaya makusudi, tufe likaenda kama mlevi, halikugusa chupa hata moja. Nikasimama nikingoja. Mwashi mmoja akasema taratibu, "Pole, président. Jua iko kali sana leo." Ningempiga.

Baada ya mchezo nikamshika karani mkono pembeni ya ukumbi. Nikamwuliza kwa nini hanitukani mimi.

Akashangaa kweli. "Wewe? Mais président, weye haiko munungwe yetu. Nikikutukana, itakuwa matusi ya kweli. Itakuwa bugomvi." Akanipangusa vumbi begani. "Weye tunakuheshimu."

Heshima! Nilikwenda nayo nyumbani, nikalala nayo, na asubuhi nikaamka na sheria mpya. Nikaiandika kwa chaki kwenye mlango wa ukumbi: uwanjani ni marufuku kutukanana. Padri aliposoma alifurahi sana, akanisifu kwamba ninalea watu. Hakuna aliyebisha. Jumapili ile walikuja, wakatupa, wakashukuru, wakaenda. Mbuzi walisema "pardon" wakipita mbele ya Chui. Jumapili iliyofuata nilizisimamisha chupa zangu tisa, nikakaa, nikangoja mpaka kivuli cha ukumbi kikazifunika. Akina mama wa munkoyo nao walikuwa wameshaondoka na sufuria zao nzima.

Ilinibidi kwenda nyumbani kwa karani. Nilitembea nikijiandaa kwa maneno yake, maana nilijua atanicheka, na nilikuwa tayari. Angenicheka ningemsamehe mengi. Nilimkuta uani anapiga pasi tai yake. Nikamwambia sheria nimeifuta, awaite watu.

"Sawa, président," akasema. "Unakula?" Mke wake akaleta bukari na samaki. Hakunicheka. Hata macho yake hayakucheka. Tulikula, akaniuliza udongo wa kichuguu nautoa wapi, na Jumapili uwanja ukajaa kama vile hakuna kilichotokea. Nilirudi kwenye chaki yangu. Hapo nikajua kwamba ligi ni yake, na mimi ni mtu wa kusiliba njia.

Misimu ikapita hivyo. Kisha, mwanzo wa mvua, homa ikamwingia karani, akapelekwa hospitali, na tukasikia haraka kuliko tulivyotegemea kwamba amekwisha.

Nilikwenda penye kilio na mke wangu. Katuba nzima ilikuwa pale. Nikawatafuta Chui, maana hiyo ilikuwa kazi yao: wazuie jeneza, wadai walipwe, wamtukane maiti, watu wacheke. Nikawaona wamekaa kwenye matofali, yule mnene asiye na meno katikati, wanalia. Wote. Mmoja alijaribu kusimama, akafungua mdomo, akakaa tena. Jeneza likatolewa nje, wabebaji wakaanza kutembea, na hakuna aliyewazuia.

Hasira ikanipanda. Mtu huyu alikuwa amechukua ligi yangu yote kwa mdomo, na leo midomo yote imefungwa? Atoke Katuba kimya kama karani yeyote? Nilikuwa nimebeba tufe moja chini ya koti. Nilikuwa nimefikiri kuliweka kaburini, sijui kwa nini. Nikalitoa, nikapita mbele ya wabebaji, nikaliweka chini njiani.

"Muweke chini!" nikapiga kelele. "Huyu karani anaenda wapi? Iko na mechi na mimi Jumapili! Na muangalie vile amelala. Siku yote tufe yake inaendaka kushoto, inavunja sufuria ya bamama. Leo ndiyo mara ya kwanza ananyooka!"

Nilifikiri sasa watanipiga, mtu wa kaskazini, si munungwe wa mtu, anamtukana maiti mbele ya mjane wake. Lakini sikuweza kuacha.

"Mumushike muzuri!" nikawaambia wabebaji. "Mukimuachilia ataenda kushoto, atakosa kaburi!"

Mjane ndiye aliyeanza. Alijiziba uso kwa kitenge, mabega yakatikisika, nami nikadhani nimemwua. Kumbe anacheka, machozi yanamtiririka na anacheka. Akina mama wa munkoyo wakafuata. Wabebaji wakalazimika kuliweka jeneza chini kweli, kwa kuwa mikono iliwalegea. Yule Chui mnene akasimama kwenye matofali, akajipangusa pua, akaninyooshea kidole mbele ya watu wote.

"Nyamaza, fundi!" akasema. "Kichwa yako kama chupa ya kupasuka!"

Watu wakalipuka kwa kicheko. Mke wangu alishika kiuno, akainama, akashindwa kusimama, kicheko kile kile cha tumboni, na safari hii kilikuwa changu. Nikageuka upesi, kama nilivyozoea, kumtafuta karani usoni, nione kama ananionea wivu.