Siku Tuliyoijadili Sehemu ya Pili

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu mbaya na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la nane, na hata huko wenzangu walikuwa wanatoka kucheza nikiwa bado nanakili ya ubaoni. Naandika polepole. Lakini jambo hili nimelibeba tangu mwaka jana na sijapata pa kulisema.

Hapa Kisian, nyuma ya maduka ya barabara ya Busia, kuna kibanda cha gemu. Kompyuta yake kuukuu ilikuwa na gemu ya vita na kujenga miji, sehemu ya pili na sehemu ya tatu. Katika ya pili mnacheza kwa zamu. Unapanga askari, unapeleka wakulima shambani, ukimaliza unabonyeza, ndipo adui anasogea. Anakungoja hata ukifikiri mpaka chai ipoe. Ya tatu haimngoji mtu. Kila kitu kinakwenda pamoja, na ukisita kidogo mji wako unaungua.

Sisemi ya tatu ni mbaya. Mvua yake inapendeza, na mashua zake zinapigana kwelikweli, wakati za sehemu ya pili zinagongana tu kama sufuria. Lakini katika ya pili nilikuwa nashinda. Mimi ambaye dukani napitwa kwenye foleni kwa sababu siwezi kusema nimetangulia, pale watu walisimama nyuma ya kiti changu kunitazama nikicheza. Hakuna mahali pengine nimewahi kutazamwa hivyo.

Kisha kompyuta ikajaa. Mwenye kibanda akasema moja lazima ifutwe. Jumamosi tungejadiliana, na gemu itakayoshangiliwa zaidi ndiyo ingebaki. Mjadala ungekwenda kwa pakruok.

Pakruok ni yale majigambo ya Wajaluo kwenye sherehe. Mtu anasimamisha muziki, anajisifu yeye na kwao, watu wanashangilia, muziki unaendelea. Kibandani tulianza kama mzaha, mwishowe ikawa sheria: huwezi kutetea gemu kabla hujajisifu.

Mimi siwezi kujisifu, hata nikiwa peke yangu. Kwa hiyo nilimwomba rafiki yangu anisemee. Yeye ni mzaliwa wa Muhoroni, yuko kidato cha tatu, ana ulimi, na sehemu ya pili tulikuwa tumejifunza pamoja kwenye benchi moja. Nikampa hoja zangu zote. Iliyo kubwa ilikuwa hii: katika ya pili ukishindwa, umeshindwa kwa akili, katika ya tatu ni vidole tu vimechelewa.

"Omera, ndugu yangu, hiyo ni nzito," akaniambia. "Niachie mimi."

Jumamosi kibanda kilijaa hadi mlangoni. Kijana mmoja wa hapa akaanza. "Zimeni hiyo spika! Mimi ndume wa Kisian, malori ya Busia yananipisha!" Wakamshangilia kwa kupigapiga mabati ya ukuta. Akaitetea ya tatu. Wa pili naye akaitetea ya tatu, makelele yakazidi. Rafiki yangu alikuwa akiwatazama wanaoshangilia. Halafu akasimama.

"Simamisheni kila kitu! Mimi mwana wa Muhoroni, niliyetafuna miwa kabla ya kuota meno!"

"Tafuna, baba! Tafuna tena!"

"Nawauliza, ndugu zangu. Katika ya pili hata mwenye vidole vya konokono anashinda. Huyo ni bingwa gani? Mtazameni huyu hapa kando yangu. Akianza zamu yake, unaenda Dunga, unakula samaki, unarudi, na bado anafikiria farasi aende wapi!"

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Nikajikuta nimesimama. Mwenye kibanda akainua mkono, wakanyamaza.

"Ya pili," nikaanza, "ukishindwa—"

"Hapana, bwana mdogo. Jisifu kwanza. Wewe ni nani?"

Hoja nilikuwa nayo. Sifa sikuwa nayo hata moja.

"Mimi," nikasema. Nikakwama hapo.

"Ngojeni jamani, hiyo ndiyo zamu yake!" mtu akapiga kelele kutoka mlangoni.

Hata mwenye kibanda alicheka. Akageukia kompyuta akaifuta sehemu ya pili nikiwa bado nimesimama, pamoja na mji wangu niliokuwa nimeujenga kwa miezi.

Rafiki yangu alinifuata nje. "Usikasirike, omera. Uliwaona walivyokuwa. Ile hoja yako wangeizomea."

"Hukuisema."

"Niliisema. Niliigeuza tu."

Ni kweli, aliigeuza tu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kicheko chao. Nilipomweleza kwa nini napenda ya pili, nilikuwa nimemweleza pia kwamba mimi ni mzito, na yeye alichukua kipande hicho akaacha kingine.

Nilirudi kuijaribu ya tatu. Mji wangu uliungua kabla sijamaliza kujenga ghala, na nyuma ya kiti hapakuwa na mtu. Siendi tena. Nikikutana nao wananiambia mambo yaliamuliwa, tulijadiliana, ya tatu ni bora. Lakini upande wangu haukusemwa na mtu yeyote siku ile, hata mimi mwenyewe.

Ninyi msionijua, kama mmezicheza zote mbili, niandikieni mniambie ipi ni bora na kwa nini. Hata mkisema ni ya tatu nitasoma mpaka mwisho. Ila mnipe sababu, na mwanzie hapo hapo kwenye sababu.