Siku Nilipolivalisha Lori Minyororo Al Rigga

Chekeni kwanza, mkimaliza nitasimulia, maana hata leo nikipita barabara ya Al Rigga hapa Dubai huwa navuka upande wa pili ili nisiione ile sehemu ya lami yenye mikwaruzo, na mikwaruzo ile, rafiki zangu, ni mwandiko wangu mimi (mpaka sasa ndiyo kazi yangu pekee iliyosomwa na watu wengi kwa mara moja).

Nilikuwa dereva wa lori katika kampuni ya vipuri kule Deira, na siku za mapumziko nilikuwa mwandishi wa riwaya isiyotaka kuisha. Riwaya yenyewe ilikuwa na mlima wa theluji katikati, na theluji sikuwahi kuiona popote isipokuwa kwenye friza ya ofisini nilipotumwa kuikwangua. Basi asubuhi moja ya ile baridi ya Dubai ya kuvaa sweta kwa heshima tu, sir, bosi wetu, akatukusanya ghalani akasema kuna mzigo wa kwenda Uturuki kwa barabara, na kule milimani polisi hawaachi lori lipite bila minyororo kwenye matairi.

"Nani anajua kuifunga?"

Mkono wangu ukapanda kabla akili haijaulizwa. Uturuki! Mlima! Theluji yangu, jamani! Na sikuwa mwongo kabisa, kwa sababu kwetu Kinangop nilikuwa taniboi, utingo, wa lori la viazi, na mvua zikishika, barabara inapogeuka uji, tulikuwa tunafunga minyororo. Nikajiambia, tope na theluji si ndugu? Vyote vinateleza.

Mkono wa pili ulikuwa wa Faizal, dereva mwenzangu, kijana wa ukoo wa Kizanzibari uliolowea hapa tangu zamani. "Mie sijui, sir," akasema, "lakini nikifunzwa n'tajua."

Ghala zima likacheka, na mimi nikacheka kuwashinda wote. "Shekhe, wewe hata tope hulijui!"

"Nawe theluji waijua, Kamau?" akaniuliza kwa upole. Nikaendelea kucheka.

Sir akaamua: Ijumaa, watu wakishatoka msikitini na kanisani, nifunge minyororo mbele ya wote katika ule uwanja wa mchanga nyuma ya ghala. Ikishika, safari ni yangu.

Nikaenda dukani kuichagua. Muuzaji akaniuliza namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, akanitolea minyororo ya saizi hiyo hiyo, yenye ndoano zake za kukazia. Nikaiona nyembamba, kama mikufu ya bibi harusi. Nikaonyesha ile minene kuliko yote, ingawa ilikuwa mifupi.

"Hiyo ndogo, bhai. Tairi lako kubwa."

"Najua," nikamjibu, na kweli nilijua, maana ndiyo ilikuwa siri yetu ya Kinangop: unapunguza upepo tairi linywee, unalizungushia mnyororo uliobana, unafunga kwa waya, kisha unajaza upepo tena, na tairi likivimba mnyororo unauma, haubanduki mpaka mvua ziishe. (Nilichosahau ni kwamba kwetu, kwenye lile tope, hakuna lori linalomshinda ng'ombe mbio.)

Ijumaa ikafika, nami nikafanya yote kama nilivyokumbuka, jasho likinitiririka utadhani naenda jangwani wala si mlimani. Nilipojaza upepo, matairi ya nyuma yakafura katikati ya pingu za chuma kama maandazi yaliyozidiwa hamira. Watu wakapiga makofi. Hata sir akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Yalla, nenda mpaka mwisho wa uwanja, urudi."

Ningeenda mpaka mwisho wa uwanja nikarudi, leo ningekuwa nawasimulia habari za Uturuki. Lakini nilikumbuka kwamba kwaya yetu, ikishatoka ibadani, hula chakula pamoja kwenye mkahawa mmoja wa Al Rigga, na Nakato, Mganda wetu wa sauti ya kwanza, nilikuwa nimekwisha mwahidi kwamba nitamletea shairi kutoka kwenye theluji. Nikasema moyoni, kona moja tu, anione, nirudi. Mwisho wa uwanja nikakata usukani, nikaingia barabarani.

Mama yangu! Kelele ile! Krrrr, chuma juu ya lami, cheche zikiruka nyuma kama fataki, watu wakitoka madukani, na mimi, badala ya kupunguza mwendo, moyo ulivyokuwa umejaa nikaongeza! Mbele ya mkahawa wenyewe waya ukakatika, mnyororo ukachapa bamba la matope, ukang'oa taa, ukanasa mpira wa upepo wa breki na kuukata. Lori aina ile likikosa upepo hujifunga breki lenyewe. Likasimama katikati ya barabara, khalas, halisogei mbele wala nyuma, na teksi zote za Deira zikaanza kunipigia honi.

Kwaya yote ikatoka nje na sare zake. Nakato akalitazama lori, akatazama jua, akanitazama mimi.

"Ssebo, theluji iko wapi?"

Kabla sijajibu, baba mmoja na watoto wake wakanisogelea kwa adabu, wakauliza tikiti ni bei gani. Walidhani ni tangazo la ule mlima wa theluji ya bandia, wa kuingia kwa tikiti, ulio ndani ya jengo la maduka! Wengine wakajipanga wapigwe picha kando ya tairi.

Sir akafika kwa miguu, hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Alimtazama Faizal, ambaye alikuwa amekwisha lala chini ya lori na msumeno wa umeme uliovutiwa waya kutoka mkahawani, akikata minyororo yangu. "Wewe uliyesema hujui," akamwambia, "Mturuki anayepokea mizigo yetu mpakani atakufundisha. Jiandae."

Wiki zikapita, simu yangu ikalia nikiwa napakia mzigo, Faizal akipiga kutoka Uturuki.

"Kamau, sikiza tu, usiseme kitu."

Nikasikia minyororo ikitembea juu ya theluji, saizi yake barabara, mruu, mruu, polepole, kama mtu anayetafuna muwa chumba cha pili. Nilisimama pale ghalani na boksi kifuani mpaka simu ikakatika.

Sauti ile ndiyo iliyoingia kwenye riwaya yangu, na ni ya kuazima. Nimeapa, nikiulizwa tena nani anajua, nitaikalia mikono yote miwili na kusema yale maneno matatu yaliyompeleka Faizal mlimani: mie sijui, sir.