Chai ya Mweka Hazina

Mweka hazina wa chama chetu cha kuhudumia wagonjwa, pale Kilole, hakuwa na haja ya kutusomea taarifa. Hali ya mfuko tuliionja. Ukiwa umetuna, alitumiminia chai ya maziwa yenye tangawizi; ukipungua, chai ya rangi; ukikauka kabisa, hata sukari hakutia, naye alizunguka na birika lake la bluu, akituangalia usoni mmoja mmoja, akisema kwa ile sauti yake ya mkwaruzo, "Kunyweni, wanangu, ndiyo hali." Nani angethubutu kubakiza?

Siku moja alikuja mgeni kutoka Tanga, mtu aliyetaka kutuchangia. Mwenyekiti wetu, mzee Muhidini, akamfuata mama huyo mweka hazina jikoni. "Mama, leo tia maziwa, tusiaibike." Mama akafuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole, kama kawaida yake. "Nikitia maziwa, mzee, si nitakuwa nimemdanganya?" Mgeni akapiga funda moja, akakunja uso, akaomba sukari. "Sukari yako, baba," mama akamjibu, "iko wodini, kwa bibi mmoja wa Mazinde. Jana wamemfungua bandeji, anaona." Mgeni akanywa mpaka kikombe kikakauka. Siku hizi taarifa ya mfuko inaingia kwenye simu, tena mfuko wenyewe umetuna, na mikutanoni tunakunywa soda. Sawa. Lakini nikipewa chai isiyo na sukari popote, hata pale Segera nikisubiri basi, moyo huniuliza: safari hii kapona nani?